Dakika ya Kaka Yake Babu

Dada Zuhura mpenzi,

Mji huu wa Ruwi joto, lakini ndoa tamu! Shemeji yako Salim hunimenyea machungwa kwa mkono wake.

Ila jana nimelia. Kwenye televisheni, kabla ya mpira, Waingereza walisimama kimya dakika moja kuwakumbuka waliokufa vitani. Babu yake Salim naye akasimama. Mimi nikadhani sauti imekatika, nikaifungulia mpaka mwisho. Filimbi ya refa ikalia, nyumba nzima ikatetemeka.

"Kaka yangu Seif kafia vitani Burma, hata siku hatuijui," babu akasema. "Nnangojea dakika hii mwaka mzima, watu wamsimamie."

Nikamwomba radhi. "Basi mwakani, mwanangu," akanambia.

Daktari keshatwambia hafiki mwakani.

Msomeeni Seif khitma huko, dada, babu asikie kuwa kasomewa. Nakubusu mashavu yote mawili.

Rahma wako