Siku Niliyopiga Hodi Kwetu

Mama,

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza nilijikuta naandika "kwa heshima na taadhima" kama namwandikia mkuu wa chuo, nikacheka, kisha nikalia. Najua ungesema, "Zai, mbona unanizunguka? Sema lililokuleta." Haya, nasema. Nakuomba radhi kwa siku ile niliyokuja na wageni.

Hatukuwahi kuizungumza. Wenzangu watatu walikuwa wametoka Ulaya kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi wa uzamili, sisi tunaosomea sera za umma. Wao walikaa chuoni kwetu wiki mbili tufanye nao utafiti wa maji vijijini, kisha mmoja wetu angekwenda kwao muhula mzima. Mmoja tu. Nafasi ile niliitaka kwa udi na uvumba.

Na nilikuwa nimeshawadanganya. Niliwaambia mimi ni mtu wa Kibaha, basi, kwa kuwa nimelelewa kwa mjomba pale mtaa wa Picha ya Ndege tangu darasa la kwanza na huku Chole, kijijini kwetu, nilikuja likizo tu. Niliogopa wakijua kwetu ni kijijini, wataacha kuniona mtafiti mwenzao na kuanza kunitazama kama mtu wa kutafitiwa. Kaya za kuhoji zilipigiwa kura kutoka orodha ya ofisi ya kata ya Chole, na la saba likatoka jina lako. Hapo nilitakiwa kusema tu kwamba huyu ni mama yangu. Kanuni iko wazi, mtafiti hamhoji ndugu yake. Kura ingerudiwa na kusingekuwa na neno. Nilinyamaza. Afisa aliyetuongoza alikuwa mgeni pale, hakunijua, na majirani walikuwa mashambani wanaokota korosho. Kila kitu kilinisaidia kufanya upumbavu.

Nikapiga hodi, Mama. Mlango ule ule niliojifunzia kutambaa, nikasimama nje yake na mafaili yangu na kupiga hodi.

Ulitoka unafuta mikono kwenye kanga. Uliniangalia mimi, ukawaangalia wageni, ukaziangalia karatasi. Nikasema, "Shikamoo mama, tumetoka chuoni, tunafanya utafiti." Sijui uliona nini usoni kwangu. Ukaitikia, "Marahaba wanangu. Karibuni, wageni."

Ulitandika mkeka wa sikukuu. Ukaleta mihogo ya kuchemsha, ukaleta na birika la maji, ukatunawisha mmoja mmoja. Ulipofika kwangu nikakinga mikono kama wenzangu. Tangu lini mama akamnawisha binti yake mzima? Ungeniambia tu "shika birika unawishe wenzako" na uongo wangu ungeishia hapo. Hukusema. Ulinimiminia taratibu, na najua yalikuwa ya dumu la mwisho, maana muda mfupi baadaye nilikuuliza unatumia madumu mangapi kwa siku, nikaandika jibu kana kwamba sikuwahi kubeba hata moja kati ya hayo.

Annika, yule binti mrefu, alikuwa anauliza kwa Kiingereza na mimi natafsiri. Akauliza una watoto wangapi.

"Wawili," ulisema. "Wa kiume yuko kiwandani Zegereni. Wa kike yuko masomoni."

Akataka kujua kama huyo wa kike huja kukuona. Swali nililitafsiri nimeinamia karatasi.

"Huja. Tena yule akija hapigi hodi. Anaingia moja kwa moja mpaka jikoni, anafunua vyungu."

Wenzangu wakanitazama, wanasubiri. Nikawaambia, anasema ndiyo.

Ulitusindikiza hadi barabarani. Ukanipa mkono kama ulivyowapa wao.

Nafasi niliipata. Kule nilisimama ukumbini kueleza utafiti wetu, na kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa maelezo ya mhojiwa wa saba, jinsi anavyoligawa dumu moja kwa kupikia, kufulia na kunawia. Watu walipiga makofi. Nilikupigia simu kukwambia nimefanya vizuri, ukasema, "Hongera mwanangu. Wale wageni wako hawajambo?" Ulikuwa unanifungulia njia. Nami nikasema mtandao unakatakata, nitapiga baadaye. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Naona aibu hata kuliandika hilo.

Baadaye simu iliyokuja ilikuwa ya kaka Shabani. Ulianguka asubuhi, ukazikwa alasiri, na mimi nilikuwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege wa nchi ya watu, nimeshika pasi mkononi.

Niliporudi nilimuuliza kaka kama uliwahi kumsimulia habari za siku ile. Nilijiandaa kusikia umelalamika. Labda hata nilitamani. Akasema, "Ndiyo, alifurahi sana. Alisema Zai kaleta wenzake nyumbani kumwona, ila mihogo ilikuwa michache." Mama, ulinisitiri hata kwa kaka yangu. Ungenitukana ningepumua.

Wiki iliyopita nilimweleza msimamizi wangu yote. Alivua miwani, akaniuliza kwa nini, nikamwambia niliitaka mno nafasi ile. Maneno yako yameondolewa kwenye utafiti, kanuni ndiyo inavyotaka, na mimi nitaitwa mbele ya kamati. Huenda shahada nikaikosa. Annika naye nimemwandikia. Hakunilaumu; alitaka tu kujua siku ile ulisema nini hasa. Nimemtafsiria upya, neno kwa neno, mpaka kwenye vyungu.

Leo nimekuja Chole. Nilipofika mlangoni mdomo ulishafunguka, nikaufunga. Nikaingia moja kwa moja mpaka jikoni. Vyungu kaka ameviosha na kuvifunika. Nimefunua kimoja kimoja, vyote, nikijua fika havina kitu. Sasa nimekaa kwenye kigoda chako nakuandikia.

Nikuache upumzike, Mama. Kamati ikiniuliza mhojiwa wa saba ni nani, nitataja jina lako, kisha nitataja langu. Nikinyang'anywa shahada nitakuja hapa kukwambia, nikipewa nitakuja vilevile. Na wenzangu wakija tena nchini nitawaleta, nitautandika mkeka mimi, nitawanawisha mimi, na nitawaambia hapa ndipo kwetu.

Hodi sitapiga tena.

Mwanao Zai,
yule wa kike, aliye masomoni.