Jiwe la Kuchongwa

Aji, 9 Julai

Mkwe wangu Honami,

Habari za huko Sendai? Na huo mzigo wa tumboni, unauwezaje na joto hili? Mimi sijambo, goti tu ndilo linalolalamika, na lina haki yake. Juzi nilipanda ngazi za hekalu la Koyasu kukuazimia jiwe la uzazi. Nilikuwa mwanamume peke yangu kati ya wajawazito tisa, nikaona haya mpaka masikioni. Mmoja akaniuliza, "Babu, na wewe unatarajia lini?" Nikamwambia Septemba.

Sidhani kama huko kwenu mna desturi hii. Unachukua jiwe lenye jina la mtoto aliyezaliwa salama, unalilaza chini ya mto wako, na ukishajifungua unalirudisha pamoja na jipya lenye jina la wa kwako. Watu wote huandika kwa wino. Mimi mchonga mawe, alipozaliwa mumeo Shinpei nililichonga jina lake kwa patasi. Marehemu mama yake, Fumie, alinuna wiki nzima, eti najishaua mbele ya miungu. Tangu tumzike Shinpei mwezi wa pili nimekuwa nikiliwaza jiwe lile. Wino hufutika, patasi haifutiki. Basi nikachakura lundo la mawe ya hekaluni tangu asubuhi, hadi kuhani akaja kuniuliza nimepoteza nini.

Kumbe halipo, limeazimwa. Kuhani anasema halikai kabisa. Wanawake wanakuja wakiuliza "lile la kuchongwa", na miaka thelathini na moja sasa linatoka na kurudi.

Nakutumia jingine, la mtoto aitwaye Wakana. Na lile uliloniandikia, kwamba mama yako anataka urudie jina la ukoo wenu na mtoto alichukue pia, sina kinyongo nalo. Ungali kijana. Ulimuuguza mwanangu mpaka pumzi ya mwisho, na kwa hilo nitakushukuru hata ukiitwa jina gani.

Baba mkwe wako,
Tatsuo Kuwata


Sendai, 21 Julai

Baba mkwe,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila miguu imevimba. Pole na goti.

Jiwe lilifika, lakini nimeliona siku tatu baadaye. Mama alifungua kifurushi nikiwa sipo, akadhani umemletea jiwe la kukandamizia achari. Nimelikuta juu ya ndoo ya matango ya chumvi. Jina bado linasomeka. Sasa liko chini ya mto wangu, linanukia tango. Mama anaomba umsamehe, ingawa anasema uzito wake ni barabara.

Kuhusu jina la ukoo, sijaamua. Mama anasema mwanamke wa miaka ishirini na tisa haolewi na kaburi. Ila uliposema Septemba nilicheka. Sijacheka hivyo tangu mwezi wa pili. Ahsante, baba mkwe.

Mkweo,
Honami


Aji, 24 Septemba

Mkwe wangu,

U mzima? Siku zako zimepita, na mimi chakula hakipiti. Simu nimeishika mara kumi nikairudisha, naogopa sauti itakayoipokea.

Nina la kuungama. Jumatatu kuhani aliniita, jiwe la Shinpei limerudi. Goti lilisahau kuuma. Nililishika, herufi zimelainika kwa kushikwashikwa, nikasema hili nalipeleka Sendai mwenyewe kwa treni. Nyuma yangu alisimama binti mmoja ambaye mimba mbili zimemharibikia. Alikuwa amelisubiri tangu Mei. Aliitazama mikono yangu tu.

Nikaliachia, kidole kimoja kimoja. Nikamwambia, "Huyo ni mwanangu. Hajawahi kumwangusha mtu."

Nisamehe, Honami. Wewe ulikuwa na haki nalo kuliko yeyote. Lakini nilishuka zile ngazi nikilia na kushukuru. Nilidhani Shinpei amekwisha, kumbe bado ana kazi.

Baba mkwe wako,
Tatsuo


Sendai, 2 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Tu wazima, sote wawili. Koto alizaliwa tarehe 22, msichana, baada ya siku mbili za uchungu. Ana paji la uso la Shinpei, na kwa anavyonuna nadhani amemrithi mama Fumie. Nilishikwa na homa, na mama hakuthubutu kukupigia kabla haijashuka. Tusamehe kwa kimya.

Ulifanya vyema kumpa yule binti. Barua yako nilimsomea mama kwa sauti. Alitoka nje akapanga upya matango ndooni. Aliporudi akaniambia jambo la ukoo niamue mwenyewe.

Jiwe la Wakana limetutunza. Mama amelisugua mara tatu, harufu ya tango imegoma kutoka. Tutakuja kulirudisha mwezi ujao. Hadi hapo tafuta jiwe jipya, zuri, ukae chini upumzishe goti, na usiguse wino. Chonga, na uanze na jina la ukoo: Kuwata Koto.

Mwanao,
Honami