Simu ya Paskali Inaingia Kwangu Kila Jumatano

Dada Agripina, mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili baada ya misa ya Kiswahili nimekusudia kumshika mtu shati mbele ya kwaya nzima, na sijui kama nitaweza kujizuia.

Mimi ni dereva wa basi, nakaa Jakobsberg, pembeni ya Stockholm, na mke wangu Magdalene, yeye anahudumia wazee na Jumatano ndiyo siku yake ya kupumzika, tumeoana miaka mingi na sijawahi kumdhania vibaya, ila mambo yameanza tangu niliponunua ruta mpya ya intaneti kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inakatakata, nikaifunga mwenyewe koridoni karibu na mlango, na kwa kuwa sikutaka usumbufu wa kuunganisha upya televisheni na printa na simu zote, nikaipa jina lilelile na pasiwedi ileile ya zamani, na unajua kwetu mgeni akishavua viatu huomba pasiwedi hata kabla ya chai, kwa hiyo nusu ya Waswahili wa Stockholm wanayo.

Sasa hii ruta mpya ina programu yake kwenye simu, na siku ile nikipanga mipangilio nikabonyeza mahali panaposema nitaarifiwe kila kifaa kinachoingia ambacho sijakisajili, nikiogopa wezi wa mtandao, basi Jumatano ya kwanza nimesimama kituo cha mwisho nangoja muda wa kuondoka, simu yangu ikalia, natazama naona: "Simu ya Paskali" imeunganishwa. Paskali ni kiongozi wa kwaya yetu, ni rafiki yangu, ndiye baba wa ubatizo wa binti yetu, na jina hilo aliliweka mwenyewe kwenye simu yake kwa madaha, kila mtu analijua. Nikadhani kapita kusalimia. Jioni nikamwuliza Magdalene nani alikuja leo, akanijibu bila kugeuka, "Nani aje, Baba Rebecka? Watu wako kazini."

Jumatano iliyofuata tena, na iliyofuata tena. Tangu hapo situlii dada yangu, nikisimama kituoni nafungua programu, nikisimama kwenye taa nyekundu mkono unaenda wenyewe, juzi nimepita kituo kizima mama mmoja wa Kiswidi anabonyeza kengele mimi sisikii, na nikirudi nyumbani Jumatano nakuta harufu ya ndizi za nyama ambazo mimi siku hizi napikiwa Jumapili tu, na senene walioletwa na mdogo wangu Ludovick kutoka Bukoba, niliowaficha chini kabisa ya friza nyuma ya njegere, ambao nyumba hii tulikuwa tukiwagombania mimi na binti yangu tu kwa sababu Magdalene hawagusi, wanapungua! Yaani huyu mtu anakula mpaka senene wangu, yeye ambaye Krismasi aliwasukuma pembeni akasema kwao Songea wadudu hawaliwi.

Na usidhani nina faraja nyingine, maana huyo binti yetu wa pekee, Rebecka, alihamia Skärholmen kwa kijana anaitwa Filip, bila posa, bila hata kuja kujitambulisha, nikamwambia asikanyage kwangu mpaka huyo Filip aje na wazee wake kama watu, naye akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake akikasirika, "Det är mitt liv, pappa," eti ni maisha yake, akabeba begi akaenda, na tangu hapo sijasikia sauti yake, na hata hiyo simu aliyoondoka nayo ni ya kupewa, yake ilipasuka kioo Paskali akampa ile yake ya zamani aliponunua mpya, nami nikafurahi nikasema kweli huyu ni baba wa ubatizo, kumbe alikuwa ananizuga.

Wiki iliyopita nikashindwa, nikaingia kwenye mipangilio, nikaigusa ile simu, nikachagua "zuia", na nakuambia ukweli nilisikia raha. Niliporudi nikamkuta Magdalene amekaa jikoni macho mekundu, ndizi zimepoa kwenye sufuria hazijaguswa, akaniuliza, "Umeichezea ruta?" Nikamwambia kwani wewe intaneti yako haifanyi kazi? Akaingia chumbani bila kula. Dada Agripina, mke wangu analia kwa sababu mwanamume mwingine amekosa waifai! Nimwache? Nianze na Paskali? Niambie.

Asiyetulia, Jakobsberg

*

Bwana Asiyetulia,

Majina nimeyabadilisha. Senene nimewaacha, kwa sababu bila wao nisingekuelewa. Sasa weka simu yako mezani, kifudifudi, na usiiguse mpaka umalize kusoma.

Kwanza pole. Wivu ni ugonjwa, na kuubeba kwenye usukani wa basi lenye watu ni hatari, kwa hiyo sikucheki. Vizuri, nimekucheka kidogo. Lakini kilio cha mke wako kimenikata kicheko.

Umeandika barua ndefu, na jibu umeliweka mwenyewe humo ndani, halafu ukalipita kama ulivyopita kile kituo, kengele inalia husikii. Paskali alinunua simu mpya. Ile ya zamani, yenye jina lake, alimpa nani? Soma tena. Sisi wa huku tunarithishana simu kama makoti ya watoto, na hakuna anayekumbuka kubadilisha jina. Na nyumba yako ina walaji wangapi wa senene? Paskali hawali, Magdalene hawagusi. Amebaki nani, baba?

Ni Rebecka. Mtoto wako anakuja kwa mama yake Jumatano, siku ambayo mama yuko nyumbani na wewe uko barabarani, anakula ndizi, anachota senene wa baba yake, anaondoka kabla hujarudi. Pasiwedi hakuomba, kwani ni mgeni? Wewe mwenyewe uliipa ruta mpya jina la zamani na pasiwedi ya zamani, basi simu ikiwa mfukoni ikaingia yenyewe kama ilivyozoea alipokuwa anaishi hapo. Hakujua kwamba inakupigia kelele huko kituo cha mwisho.

Kisha ukamzuia. Fikiri Jumatano ile ilivyokuwa. Mtoto ameketi jikoni kwao, sahani imeshawekwa, anatoa simu anaona mtandao wa nyumbani umemkataa, kwenye simu ya mama yake unafanya kazi, kwenye yake haufanyi. Unadhani alisema ruta imeharibika? Alisema baba amejua ninakuja, na baba amenikataa mara ya pili. Ndiyo maana zile ndizi zilipoa. Magdalene hakumlilia mwanamume yeyote. Alilia kwa sababu alimwona mwanawe akivaa viatu.

Najua utasema amekudanganya. Ndiyo, amekudanganya, na siku moja mtakaa mliongee. Lakini ulimwachia njia gani? Ulimpiga marufuku mtoto wake wa pekee kukanyaga kwake, ukataka pia akupe taarifa? Na hao wazee wa Filip unaowangoja, nani amewaambia wanangojwa? Pengine wako kwenye kibanda chao cha kiangazi wanapaka rangi mlango, hawana habari kwamba Jakobsberg kuna mtu amewakasirikia. Mila yetu ni nzuri, mimi mwenyewe niliposwa. Lakini mila huelezwa kwa mtu asiyeijua, tena kwa chakula, si kwa kumfungia binti mlango.

Basi nisikilize. Leo hii ingia kwenye hiyo mipangilio yako ondoa lile zuio, na taarifa zile zizime kabisa, hazikusaidii, zinakula akili. Kisha mwambie Magdalene kwa mdomo wako: nilidhani ni Paskali. Atakasirika, na ana haki, vumilia. Jumapili mpe Paskali mkono, sifia kwaya, nyamaza. Yeye hajui lolote na asijue milele.

Rebecka usimngoje Jumatano. Hatakuja. Wewe ndiye utakayekwenda. Panda treni mpaka mjini, chukua metro ya mstari mwekundu mpaka Skärholmen, umebeba senene waliobaki, wote, usijiachie hata kiganja. Pengine atakayefungua mlango ni Filip. Msalimie. Vua viatu. Habari za wazee wake zina siku yake, na si hiyo.

Ukishakaribishwa, fanya kama tunavyofanya sote: toa simu yako, umwombe binti yako pasiwedi ya waifai ya kwake. Akikutajia, iandike taratibu usikosee, ili siku nyingine ukifika pale mlangoni simu yako iingie yenyewe.

Dada Agripina