Hoja Iliyosomwa na Mwingine

Umoja, 8 Juni 2025

Mpendwa Mumo,

Sisi tu wazima. Mama yako amepata kibanda sokoni, nami bado humsalimia marehemu babu yako kila nikiamka.

Umeuliza wabunge wa vyama vinavyopingana hukaaje katika kundi moja. Ujanani nilikuwa mhudumu wa chai bungeni. Ukumbini walirushiana maneno, kisha wakakutana katika chumba kidogo kwa ajili ya watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu aliokuwa nao shangazi yako. Dawa hazikupatikana katika hospitali za umma, kwa hiyo nilimimina chai polepole, nikisikiliza.

Mbunge wa upinzani aliyeandika hoja ya kutaka dawa hizo zinunuliwe alimsukumia karatasi mwenzake wa upande wa serikali.

"Isome wewe, Mheshimiwa. Nikiisoma mimi, watu wako wataiangusha kabla sijaketi."

"Na sifa nichukue mimi?"

"Chukua, lakini usizoee!"

Wakacheka.

Hoja ilipita. Nilikuwa juu, kwenye viti vya wageni. Mwandishi wake hakutajwa, ila ndiye aliyepiga sakafu kwa miguu kwa furaha kuliko wote. Baadaye dawa zikaanza kuja, na shangazi yako akakua.

Ukiomba usiku, nitaje na mimi.

Nyanya yako