Mume Mdogo Anayemjazia Bibi Maneno

Mshauri mpendwa, haya sijawahi kumwambia mtu. Bibi yangu mzaa mama ni fundi cherehani, anashonea barazani kwetu, na mimi nikitoka shule humshikizia vifungo, yeye huniita mume wake, na tangu mwaka huu uanze nimekuwa nikimjazia maneno, yaani mteja akija bibi anaanza, "Inua nikupime hili… hili…" nami nadakia upesi, "Bega, bibi!" kama vile natania, wateja wanacheka, "Mume mdogo ana mdomo mwepesi!" kumbe mdomo wenyewe ni mzito, maana na mimi maneno yananikimbia. Shuleni tunasoma kwa lugha nyingine, nikiulizwa swali linanijia neno la nyumbani, nikirudi nyumbani linakuja la shule, najua kabisa linaanza na herufi gani, liko ncha ya ulimi, halitoki, hadi darasani wameniita Subiri-Kidogo. Sasa juzi bibi alishika mkasi, akaugeuzageuza, akaniuliza, "Mume wangu, hiki ni cha nini?" Nikamwambia ni mkasi. Akasema, "Haya, mkasi. Lakini ni cha nini?" Nikaukata uzi mwenyewe, akacheka, nikacheka. Mama hajui, akijua ataifungia cherehani chumbani, na bibi bila cherehani sijui atakuwa nani. Naogopa ni ugonjwa wa ukoo na umeshanishika. Naomba dawa ya kukumbuka maneno, ya watu wawili. Nasikia kandambili za mama zinakuja mlangoni, naficha karatasi

*

Kijana wangu, wewe huumwi. Ubongo haupangi maneno kama nguo kabatini, ukavuta moja ukaenda zako. Maana ya neno hukaa kwake na sauti yake hukaa kwake, na ukitaka kusema, moja huamsha nyingine. Kwa mwenye lugha mbili zote huamka pamoja na kugombea mlango mmoja, ndiyo maana unachelewa. Neno unalojua linavyoanza limo humo humo. Usilivute, maana ukilivuta unazidi kuling'ang'ania neno jirani lililoziba njia. Kieleze kitu chenyewe, endelea na sentensi, litakujia ukiosha vyombo. Tena soma kwa sauti kila siku. Neno linalotumika sana huamka upesi.

Sasa bibi, na hapa nakukaripia. Umenijazia karatasi kwa habari za ulimi wako, halafu ukanipitishia mkasi katikati kama jambo dogo! Jina la mkasi hata mimi hunipotea. Ila fundi aliyezeekea kwenye cherehani asipojua mkasi ni wa nini, hilo si jina lililopotea. Ni ugonjwa gani, sijui. Mimi si daktari, na wewe pia si daktari. Ulidhani unamsitiri bibi, kumbe unawaficha wale wanaoweza kumsaidia.

Mwambie mama leo. Usiseme "bibi anasahau", atakujibu wazee wote husahau. Msimulie habari ya mkasi kama ulivyoniandikia. Wakienda hospitali nenda nao, kwa sababu daktari atauliza lilianza lini, na anayejua ni wewe tu. Cherehani mwachie mpaka daktari aseme vingine, mradi mtu mzima akae naye.

Na mteja akija, mume mdogo, nyamaza. Bibi atafute neno lake mwenyewe. Likimshinda, mama awepo, aone.