Ndama wa Ng'ombe wa Gati

Matongo, Jumanne

Bora Mama angecheka tu.

Miaka sita nachora hadithi ya Gati na kuiweka mtandaoni, ukurasa mmoja kila Ijumaa. Sasa studio moja ya Dar wanaigeuza kuwa katuni ya televisheni. Leo asubuhi wamenitumia kipande cha kwanza: Gati wangu anatembea, anapumua, anakamua ng'ombe! Nikawajibu papo hapo: safi sana, endeleeni.

Jioni nikamwonyesha Mama kwenye simu. Alivaa miwani, akatazama mpaka mwisho, akauliza, "Ndama wake amekufa?"

"Ndama yupi, Mama?"

"Wa huyo ng'ombe. Mbona hajatangulia kunyonya? Hayo maziwa yanashukaje?"

Nikafungua ukurasa wangu wa zamani. Ndama yupo, kafungwa pembeni, nilimchora mwenyewe. Nikawapigia studio. Wakasema walimtoa kupunguza kazi, na mimi nimeshakubali.

Kweli nimekubali. Mimi niliyekamua kila asubuhi mpaka namaliza kidato cha nne. Nimekitazama kile kipande mara kumi na moja, sikugundua ndama hayupo.

Kila mara nilikuwa nasubiri jina langu litokee mwishoni.