Nusu ya Nchi na Kaburi Lako

Tata,

Tangu tukuzike, baba yangu, mvua haijapumzika. Kaburi lako limedidimia upande wa kichwani, na kila asubuhi nalijazia udongo kabla sijaenda kuchuma chai. Matofali ya kulijengea ninayo hapa Ikuti. Saruji anayo kaka Lusajo dukani kwake Makandana, na haleti.

Sababu ni uchaguzi wa rais. Mgombea wake alimshinda wangu kwa tofauti ndogo sana, na kaka akaja hapa kifua mbele: "Nchi nzima imesema." Unanijua, mdomo wangu hauna breki. Nikamuuliza nchi nzima ya wapi, wakati karibu nusu ya waliopiga kura wamemkataa huyo mtu wenu? Akasema kushinda ni kushinda, na haleti mfuko hata mmoja mpaka nikiri kwamba wananchi wameamua. Sikukiri. Wiki ya tatu sasa, na kwa ukungu huu saruji itaganda humo humo mifukoni.

Wewe ulitufundisha hesabu kwa kukata ndizi mezani, na aliyepata kipande kikubwa ndiye aliyeosha vyombo. Hakuna aliyeringia kipande kikubwa nyumbani kwako.

Jana baada ya ibada kaka alikuja kumjulia mama hali. Tukaanza tena, yeye na simu yake, mimi na karatasi niliyonakilia matokeo. Kila mmoja alidai kura ya mama ni ya kwake, maana kila mmoja alikuwa amemwelekeza kwa siri pa kuweka alama. Mama, aliyekuwa akimenya ndizi, akaweka kisu chini. "Niliweka kwa wote wawili," akasema. "Ningemwacha nani?"

Tata, tulitazamana kama wezi. Idadi ya kura zilizoharibika ilikuwepo kwenye simu yake na kwenye karatasi yangu, na hakuna aliyewahi kuisoma. Mama alikuwa humo. Nililia kwa aibu.

Kaka alichukua simu yake akaondoka. Sijui anawaza nini. Kesho naenda Makandana kumwambia kwamba ndiyo, mtu wake ameshinda, halafu nibebe mfuko wa kwanza kichwani mwenyewe.

Ndaga fijo, tata, asante kwa yote. Pumzika. Nakuahidi kaburi lako litajengwa, na siku nyingine ya kura mama ataingia kupiga bila mtoto wa kumnong'oneza.

Binti yako,
Tumpe